Miche ya Bwana Maranga

Edinah yawa, jamani, uko? Huyu Maranga ni mtu kweli?

Yule wa shirika la mazingira kutoka Migori, nilikuambia anakuja shuleni kwetu Kisegi kufundisha watoto wangu wa gredi ya tano. Amekuja na pikapu imejaa miche. Akahubiri weee! Eti mti ni kama mtoto: ukimpanda umpe maji, umzungushie miiba mbuzi wasimguse.

Watoto wakachimba mashimo mpaka mikono ikachubuka. Halafu anasema miche isitolewe kwa karatasi, ile mifuko ya plastiki. Ipandwe na karatasi yake nyeusi hivyo hivyo! Nikadhani ni ujinga tu. Kumbe!

Picha zikapigwa. Akatuma watoto ziwani walete maji. Walipogeuka tu, dereva wake akaanza kung'oa. KUNG'OA, Edinah! Miche yote ikarudi kwa pikapu.

Nikamuuliza, "Bwana Maranga, unafanya nini?"

Bila haya: "Madam, hii ni ya mafunzo. Kesho tuko nayo shule nyingine, Macalder."

Ya mafunzo! Miti ya kuzungushwa kama viti vya kukodi vya matanga!

Watoto wakarudi na mitungi kichwani, jasho linawatoka. Wakabaki kuangalia mashimo. Mtoto mmoja, Joyline, akamuuliza Maranga, "Mwalimu, sasa tumwagilie nini?"

Unajua huyo takataka alijibu nini? "Mwagilieni tu. Udongo pia unataka maji."

Akapanda gari akaenda.

Na wakamwagilia, Edinah. Joyline hata ameshazungushia shimo lake miiba.