Moja Simama, Mbili Twende

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na zikukute umeshuka kwenye lori lako salama, umenawa vumbi na umekaa. Shemeji hajambo? Na wanao pacha, bado wanagombania dirisha? Sisi huku ni wazima wa afya, isipokuwa goti la mama linalomlalamikia akipanda ngazi, na mimi na ule ugonjwa wangu wa kutomwamini mtu, ambao hauna dawa.

Humu ndani utakuta kitu kidogo kimefungwa kwa kitambaa. Tafadhali usikifungue mpaka umalize kusoma. Najua utakifungua, lakini angalau nimesema.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako hupokewa na pacha, na yangu husikilizwa na mama. Akiniona nimeishika tu, huja kukaa karibu na kuanza kukunja nguo ambazo zimeshakunjwa. Na haya ninayotaka kukueleza si ya kusikiwa na pacha wala na mama.

Ulipokuja mara ya mwisho basi la baba lilikuwa bado limejaa viti. Sasa ni nyumba kamili. Baba ameng'oa viti vyote akabakiza viwili vya mbele, chake na kile cha mlangoni. Nyuma kuna kitanda, katikati jiko la gesi na beseni la vyombo, na madirisha mama ameyashonea mapazia. Kile kiti cha mlangoni mama alikataa kisiguswe hata na kitambaa kipya. Alisema amekaa hapo tangu alipokuwa kondakta wake na kimeshamjua. Unakumbuka msemo wake, kwamba alianza kwa kumgongea baba bodi ya basi, moja simama, mbili twende, na moyo ukafuata. Mpaka leo tukibishana mezani hugonga mara moja kwa kiganja, sote tunanyamaza.

Basi likawa linarudi na majeraha. Kila wakitoka matembezini, ubavu wa upande wa mlango, kule nyuma, unakuwa na mchubuko mpya. Baba akasema ni watu wasiojua kuegesha magari. Mama akasema ndiyo, watu siku hizi hawana adabu. Walikubaliana upesi mno, dada. Baba na mama hawajawahi kukubaliana upesi hata juu ya chumvi.

Mimi nikamshuku jirani, yule muuza magodoro. Nguzo ya geti lake iko karibu na geti letu, na siku moja nikaiona ina rangi ya bluu, bluu ileile ya basi. Mtu mwingine angejiuliza basi lilifikaje pale. Mimi mtunza stoo, ambaye kazi yangu ni kujua nani amesogeza nini, nikahitimisha kwamba ameisogeza nguzo. Nilikwenda kupima kwa futi kamba. Alinikuta nimeinama akaniuliza nimepoteza nini, nikamwambia sarafu. Akainama naye tukatafuta sarafu.

Nikamshauri baba tununue kamera ya kufunga kwenye kioo cha mbele, ili anayetugonga aonekane. Nilitegemea atakataa. Akakubali kabla sijamaliza, akachukua kofia.

Dukani ndipo nilipoanza kumwangalia vizuri. Muuzaji alitutolea kamera kadhaa. Alisifu picha, akasema hii inasoma namba ya gari hata gizani, ile ina jicho la pili la kutazama nyuma. Baba hakuangalia hata moja. Alizipa mgongo, akainamisha kichwa, akamwomba muuzaji aziwashe moja moja asikie zinavyolia. Akachagua kubwa kuliko zote, ya bei mbaya na picha ya wastani, kwa sababu ina mlio wa kuonya ukikaribia kitu kilicho mbele, na kadiri unavyokaribia ndivyo mlio unavyokwenda haraka. Huyu ni baba yetu, dada, aliyewahi kumteremsha abiria kwa kupiga mluzi! Nikamuuliza anataka makelele ya nini. Akasema mtu mzima hubadilika. Nikasema moyoni, hapa pana jambo.

Kuifunga nako kulikuwa kazi. Kwanza tuliibandika kwa ule mpira wake wa kunyonya kioo. Kioo cha basi kimesimama wima na jua linakipiga siku nzima, mpira ukalegea, na tulipoingia tu barabara ya mashimo kamera ikaanguka ndani ya beseni la vyombo. Ndipo tukamwita fundi umeme. Fundi akakisafisha kioo kwa spiriti, akatumia gundi ya kubandika, akaamuru isining'inizwe kitu mpaka kesho yake. Akaonyesha mahali: pasiwe katikati, kwa sababu hapo waipa mbili zinaacha pembe isiyofutwa na mvua ikinyesha kamera itapiga picha ya maji, iwe juu kidogo upande wa dereva. Baba akataka ishuke iwe karibu na sikio lake. Mama akataka iwe mbali na kiti chake. Nikaandika yote mawili kichwani.

Kisha mama, aliyekuwa akijifanya anapanga vikombe, akauliza kama hiyo kamera inasikia. Fundi akajibu kwa fahari kwamba inasikia hata mbu. Mama akaomba izibwe masikio, eti mambo ya mume na mke si ya kurekodiwa. Fundi akacheka akasema ni jambo la kubonyeza tu. Mimi nikamfuata nje, nikamwambia asibonyeze. Ndiyo, nilifanya hivyo. Mtu anayetaka kamera isisikie ana neno la kuficha, na wakati huo nilidhani labda wanataka kuliuza basi na kuhama bila kutuambia.

Umeme wa basi ni mkubwa kuliko unaotakiwa na kamera, kwa hiyo fundi alifunga kifaa cha kuupunguza nyuma ya sanduku la fyuzi, akaunganisha pia ili kamera iendelee kulinda kwa muda hata basi likizimwa. Nilimshikia tochi, naye akawa ananifundisha kila kitu ni cha nini. Akanigusisha kidude cheusi kinachoamuru stata iwashe injini, akasema ukikitoa hiki, basi linabaki nyumba.

Baba na mama wakaenda kumwona shangazi, wakarudi. Safari hii nguzo ya jirani ikapata rangi zaidi. Nikachomoa kadi ya kamera, nikahamisha picha kwenye kompyuta ya stoo, nikairudisha kadi. Nikafunga mlango wa stoo nikakaa kitako nimwone adui yangu.

Dada, sikumwona jirani. Nilimsikia mama. Njia nzima anaongea kwa sauti ya chini, bila kupumzika, namna mtu anavyomsomea mwenzake. Kona inakuja, ya upande wako. Lori mbele, limewasha taa za breki. Mtoto pembeni, bado, bado, haya. Na kiganja chake kwenye dashibodi, kila kikigonga picha inatikisika: moja, basi linasimama, mbili, linaondoka. Baba anaendesha kwa kiganja cha mama. Nilirudisha nyuma mara nyingi nikitafuta maelezo mengine, maana mimi ni bingwa wa maelezo mengine. Sikupata. Baba haoni, dada. Labda anaona mwanga na vivuli, labda zaidi kidogo mchana wa jua, lakini barabara haioni.

Na michubuko nimeielewa. Wakifika nyumbani mama hushuka kufungua geti. Ni wakati huo tu ambapo baba yuko peke yake.

Kuna kipande kimoja kimeninyima usingizi. Kuna mwanamke mbele yao juu ya baiskeli, amebeba ndoo. Mama amenyamaza. Kamera ikaanza kulia, polepole, halafu haraka, halafu mfululizo, baba akakanyaga breki mpaka vyombo vikamwagika kule nyuma. Yule mwanamke hakugeuka hata, akaendelea na safari yake. Baba akauliza ni nini. Mama akasema alikuwa anaokota miwani yake. Kisha nikasikia mama analia. Nimeishi naye umri wangu wote, sijawahi kumsikia akilia.

Sasa nikafikiria pacha. Wewe umeshawaahidi likizo ndani ya basi la babu, wameshachagua nani alale upande wa dirisha. Mimi nikafikiria kwenda kusema na baba ana kwa ana, nikashindwa. Ungekuwa wewe ungesema, wewe ndiwe uliyefundishwa naye gia ukiwa hufiki vizuri kwenye pedali. Mimi nilifanya kile mtu wa aina yangu anachoweza. Asubuhi kabla hawajaamka niliingia ndani ya basi, nikafungua sanduku la fyuzi, nikakichomoa kile kidude cheusi. Na kadi nikaondoka nayo. Mimi niliyeshauri tununue kamera ya kukamata wabaya, mbaya mwenyewe nikawa mimi. Ndilo ninaloungama kwako.

Baba alipozungusha ufunguo basi halikujibu. Nikamwambia tumwite fundi, akakataa. Akafungua sanduku mwenyewe, akapitisha vidole juu ya fyuzi moja moja, mpaka kidole kikaingia kwenye tundu tupu. Kikakaa pale. Kisha akageuza uso upande niliosimama, nikahisi nimekaangwa, ingawa najua alichoona ni kivuli tu. Akafunga kifuniko. Akawatangazia mama na jirani, aliyekuwa ukutani akichungulia, kwamba kuna kifaa kimekufa, na vifaa vya mabasi ya zamani siku hizi havipatikani, kwa hiyo safari ya wajukuu itabidi ingoje. Jirani akasema ana mtu anayeuza vifaa. Baba akamwambia asijisumbue. Alisema hivyo kwa uchangamfu ambao ulinitia shaka upya.

Ndipo nikaenda kutazama kilichobaki kwenye kadi. Jioni ya kabla ya wizi wangu baba aliwasha injini kuchaji betri kama kawaida yake. Picha inaonyesha ukuta wa ua wetu tu, hakuna kingine. Lakini sauti ipo. Baba anauliza pacha watakaa wapi wakati wa safari. Mama anagonga mara moja. Baba anacheka kidogo, anasema mbona tumesimama, mama watoto. Mama anagonga tena mara moja. Baba anasema najua njia ile kama kiganja changu. Anagonga tena mara moja. Dada, amegonga mpaka baba akazima injini.

Kamera ikaendelea kulinda ukuta. Kisha nikamsikia baba akiuliza nani atawaambia watoto. Mama akasema hajui. Baba akasema laiti lingeharibika lenyewe, maana gari likiwa bovu hakuna anayemhurumia dereva.

Kwa hiyo walikuwa wameshaamua bila mimi. Mimi nilichoiba ndicho alichokuwa akikiomba.

Sasa fungua kitambaa, kama bado. Hicho cheusi ndicho chenyewe. Nakuomba uje nacho pamoja na pacha. Mwambie baba umekitafuta madukani ukakipata kwa bahati, ukirudishe kwa mkono wako, kisha useme umechoka na lori na una hamu ya usukani wa basi ulilojifunzia. Atakupa ufunguo, nina hakika, na atajidai anakufanyia hisani. Baba tutamfungia kiti katikati yako na mama. Ya daktari wa macho tutayasema njiani, ukianza wewe nitakuunga mkono. Lakini siku ya kwanza ukifika, nakusihi, muulize habari za basi. Usimuulize habari za macho. Na mama akigonga mara mbili, wewe ondoka.

Nguzo ya jirani nimeipaka rangi kwa mkono wangu. Aliniuliza kulikoni, nikamwambia ni ujirani mwema. Ameanza kunitazama kwa mashaka, na simlaumu.

Msalimie sana shemeji, na uwabusu pacha kila mmoja upande wake wasije wakagombana. Mama anakusalimu bila kujua kwamba nakuandikia. Baba naye anakusalimu. Nadhani yeye anajua.

Nakungoja kwa hamu.

Mimi mdogo wako,
Kachero