Jiwe la Sitini na Moja

Ghorofa ya tatu, juu ya duka la rangi,
Jumanne, tarehe 8 Aprili.

Mpendwa Bwana Maswali,

Jina hilo la utotoni nimelitumia kwa makusudi, ingawa najua siku hizi una ndevu. Hujambo mwanangu? Mgongo umekuachia, au bado unakukumbusha yale maboksi ya ghalani kila ukiinama kufunga viatu? Na yule mwenzako wa chumba anayekoroma, mmepatana, au ulishajinunulia pamba za masikio? Sisi huku hatujambo. Mume wangu goti linamsumbua, lakini mdomo mzima kabisa. Baba yako yuko imara, bado anatengeneza lifti za watu na bado hataki kuzipanda.

Nimeamua kukuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu unanijibu "sawa, Shangazi" halafu unakata, na hili la leo haliishii kwenye "sawa". Kama uko kazini, iweke mfukoni uisome ukitoka.

Mashindano yetu bado yapo. Unakumbuka nilipostaafu ukarani wa masjala ya mahakama, nikawa nazunguka nyumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia, ukanifundisha mchezo wa Go, huo wa kugombea uwanja kwa kuzingirana na mawe meusi na meupe. Ukaniambia kuna watu wanaandika programu za kompyuta za kuucheza, na hawana mtu wa kuwaandalia mashindano. Huu ni mwaka wa tisa. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa mbili asubuhi, naketi kwenye meza ya kulia na daftari langu, naangalia nani kaingia mtandaoni, napanga nani akutane na nani, natangaza matokeo. Waandishi kumi na mmoja, kila mtu na nchi yake, macho kodo wanatazama programu zao zikicheza na hawaruhusiwi kuzigusa. Mume wangu anasema ni sawa na kumpeleka mtoto kwenye mtihani kisha ukamchungulia dirishani.

Sasa nianze kuungama. Kichuguu, programu yako, bado kinacheza.

Najua uliniagiza nikizime. Ulisema ulikuwa utoto tu, kwa kuwa kilishika mkia mashindano yake ya kwanza na mtu mmoja akakicheka mbele ya wote. Ukafunga begi ukaenda. Mimi sikukizima. Kila mwezi, kwa miaka minane, nimekuwa nikiwasha kompyuta kuukuu uliyotuachia kule chumba cha nyuma na kukiingiza uwanjani.

Tatizo ni sharti la nne, nililolitunga mwenyewe: mwandishi wa programu lazima awepo, ajibu akiitwa. Basi nikawa najaza jina lako kwenye orodha na kukujibia. Nilikuiga vizuri tu. Maneno machache, bila nukta, na kikishindwa naandika "poa". Mimi, karani niliyekaa masjala miaka thelathini bila kughushi hata tarehe. Nilijiambia kwamba siku ukirudi utakikuta, na kwa kuwa kilikuwa kikishindwa kila mara, niliona sijamdhulumu mtu.

Januari kompyuta yako ilitoa moshi ikafa. Mume wangu, ambaye hawezi kuona kitu kibovu bila kukifungua, akachomoa diski, na baada ya wiki kadhaa za kuguna akakihamishia Kichuguu kwenye kompyuta mpya anayochorea michoro ya redio zake. Hatukubadilisha hata herufi moja.

Jumapili hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kucheza kutoka kwenye mashine hiyo. Raundi ya kwanza kikashinda. Nilidhani mtandao wa mwenzake umekatika. Raundi ya pili kikashinda, ya tatu kikashinda, nami nikahakiki matokeo mara mbili kabla ya kuyaandika. Raundi ya mwisho kikakutana na Tingatinga.

Tingatinga ni la Daktari wa Meno, ambaye hung'oa watu meno siku sita na siku ya saba hupumzika kwa kutung'oa sisi. Halijafungwa miaka miwili. Kichuguu kikapewa mawe meusi, lenyewe meupe, na kwa nusu saa nilitazama nikiwa nimejifunika mdomo kwa khanga.

Jiwe la sitini na moja, Kichuguu kilikwenda kulitia kona ya chini kushoto, katikati kabisa ya mawe meupe. Mwanangu, ungelitia wewe hapo ningekuchapa kiganja. Kwenye ukurasa wa gumzo wakaanza kuandika vicheko. Mmoja akasema afadhali mwandishi akilaze kikapumzike. Nilisikia uchungu kama vile umetukanwa wewe, ukiwa umesimama pale pale pembeni ya meza.

Mchezo ukaendelea. Sikulitazama tena lile jiwe. Kisha, kwenye jiwe la mia na tatu, Kichuguu kikagusa mahali pengine kabisa, upande wa juu, na mimi nikasimama bila kujua kwamba nimesimama. Lile jiwe tulilolicheka lilikuwa limekaa pale likingoja. Meusi ya juu yakashikana na meusi ya chini kupitia kwalo, na mawe meupe kumi na manne yakajikuta ndani ya uzio, hayana pa kutokea. Vicheko vikakoma. Mume wangu akatoka jikoni na bisibisi mkononi akiuliza nani kafa.

Sijui nikuelezeje. Niliogopa, ule woga wa kujikuta mbele ya kitu kikubwa kuliko wewe. Mawe arobaini na mawili kabla, kitu ulichokiandika ukiwa na miaka ishirini na miwili kilikuwa kimeona kisichoonwa na yeyote kati yetu, na hakikuwa na haja ya kumwambia mtu. Machozi yalinitoka, na nakuambia bila haya.

Daktari wa Meno, ambaye si mtu wa kusifu ovyo, akaandika kwamba anaelewa kilichotokea. Alisema programu ya namna hii hujaribu njia nyingi kadiri inavyopata nafasi kabla ya kutia jiwe. Kompyuta yako kuukuu huenda iliipa nafasi ya kujaribu njia elfu moja, hii mpya inaipa laki moja. Kichwa chake ni kile kile. Kwa hiyo, mwanangu, ulichokiandika kilikuwa sahihi tangu siku ile waliyokicheka. Kilikuwa hakijapata nafasi ya kufikiri, basi.

Halafu kikashindwa.

Usiitupe barua. Mchezo ukiisha, pande zote mbili zinapita, yaani zinaacha kutia jiwe, kisha lazima zikubaliane mawe yapi ni maiti, ndipo yaondolewe na kuhesabu kuanze. Binadamu hutazamana tu wakaelewana. Programu zikibishana, zinarudishwa uwanjani zimalize kwa vitendo: anayedai mawe ya mwenzake ni maiti ayazibe na kuyala, la sivyo yanahesabiwa kuwa hai. Tingatinga limeandikwa kutokubali maiti wake, likadai yale kumi na manne yote ni mazima. Kichuguu kilihitaji kutia mawe matano kuyamaliza, na muda kilikuwa nao, dakika tatu nzima. Kikapita. Tingatinga nalo likapita. Maiti kumi na manne wakahesabiwa hai, na uwanja wote uliowazunguka ukapotea.

Miaka yote hiyo hatukuwahi kuliona tatizo hilo, maana Kichuguu hakikuwahi kufika mwisho kikiwa mbele. Nikafungua ulichoandika kutafuta kasoro. Hesabu zako sizielewi, lakini maelezo uliyojiandikia katikati nayasoma. Nikakuta hili: "Sehemu ya kula maiti nimeizima kwanza, inagoma. Nitaimalizia kesho." Chini yake tarehe. Ni siku moja kabla ya safari yako.

Daktari wa Meno aliniomba nibadilishe matokeo, kwamba yeye mwenyewe anakubali kafungwa na kila mtu ameona. Nikakataa. Masharti ni masharti, na Tingatinga limeandikwa mshindi. Akasema basi atairekebisha ile sehemu, haimchukui hata nusu saa. Hilo nalo nikakataa, kazi ya mtu haiguswi na mwingine. Hapo akaandika:

"Basi mwandishi mwenyewe aseme anataka nini. Yupo?"

Wote wakangoja. Niliweka vidole kwenye kibodi niandike "nipo", kama nilivyofanya kila mwezi. Vidole vikagoma. Uongo wa kukusaidia kushindwa niliuweza, lakini ile sifa ilikuwa yako na sikuweza kuipokea nikijifanya wewe. Nikaandika ukweli wote, kwa jina langu, na nukta zake.

Nikaketi nikitazama saa ya ukutani, nikijiambia miaka tisa ya kazi imekwenda na maji. Mwisho Daktari wa Meno akaandika kwamba kumbe miaka yote alikuwa akimpa pole karani. Wakanikaripia, kila mmoja kwa zamu yake, na nilistahili. Kisha wakapiga kura. Mimi nibaki kuandaa mashindano. Kichuguu kifutwe kwenye orodha, kisirudi mpaka mwandishi wake atakapokuja mwenyewe. Kura zote zilikubali kifutwe, yangu ikiwemo.

Jana alasiri baba yako alipita hapa. Nikamwonyesha mchezo kwenye skrini. Unajua msimamo wake kuhusu kompyuta, na Go haijui hata kidogo, lakini nilimweleza lile jiwe la sitini na moja lilifanya nini. Akaomba nirudishe nyuma aone likitua. Nilirudisha mara tatu. Kisha akauliza:

"Hii ndiyo kazi aliyokuwa anaifanya hapa kwako chumbani, mlango kaufunga?"

Nikamwambia ndiyo.

"Na mimi nilikuwa namzimia umeme," akasema.

Alikaa pale mpaka chai ikapoa, akainywa hivyo hivyo.

Sasa nisikilize. Nimekutumia diski ndani ya bahasha hii, Kichuguu kizima kimo, na mchezo wa Jumapili pia, uutazame peke yako. Mashindano yajayo ni tarehe 4 Mei. Orodha nitaifunga Jumamosi saa sita mchana, kama kawaida, na hata ungekuwa mwanangu wa kumzaa sitaifungua tena. Usipokuja, hakuna atakayekichezesha, maana ruhusa hiyo sina mimi wala mtu mwingine yeyote. Sikwambii uache kazi ya ghalani, maboksi nayo yanahitaji watu. Sikwambii hata urudi nyumbani. Nakuomba Jumapili moja, uketi mbele ya mashine yoyote, na nikiita jina lako, ujibu wewe.

Mume wangu anakusalimu na anasema kompyuta yake amekuachia siku hiyo, michoro ya redio itangoja. Dada yako mshonaji anakusalimu, na wanawe mapacha wanataka kujua kama kweli mjomba wao kamwangusha daktari. Bibi anakubusu kwenye paji la uso na anauliza unakula nini. Baba yako hakutuma salamu. Aliniuliza tu barua huchukua siku ngapi kukufikia.

Mungu akulinde na ukungu wa alfajiri na maboksi mazito, akupe usingizi wa kutosha, na akili yako aikunjue kama alivyokuumbia.

Ni mimi shangazi yako nikupendaye, ambaye kuanzia sasa nitajibu kwa jina langu tu.