Nilimwambia Mkimbiaji wa Sita Hahesabiki

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naandika huku naona haya kidogo, maana kwa kawaida mimi ndiye ninayetoa msaada, watu wanapanga foleni dirishani kwangu, huyu anataka spana, yule anataka ushauri wa ndoa, na wote wanaondoka wameridhika. Mimi ni mtunza stoo wa chuo kidogo cha ufundi. Shule sikuimaliza, hilo sifichi, lakini nimepika kwenye meli za mizigo miaka tisa, nimekanyaga nchi kumi na saba, kuna nahodha alikuwa anataka kulia kila nikienda likizo, na mtu aliyeiona dunia kiasi hicho huwezi kumwambia kuna kitu asichokijua. Ndiyo maana mkuu wa chuo alipotafuta mtu wa kufundisha timu ya wanawake ya mbio za nyika, na walimu wote wakainamia makaratasi yao, mimi niliinua mkono.

Kwa asiyejua, mbio za nyika hazikimbiwi uwanjani. Ni kilomita sita za matope, mashamba, kijito cha kuruka na kilima kinachopandwa mara mbili, kwa sababu njia inazungukwa mara mbili. Anayemaliza wa kwanza anaandikiwa pointi moja, wa pili mbili, hivyo hivyo mpaka wa mwisho, halafu unajumlisha pointi za watano wako wa mbele, na chuo chenye pointi chache ndicho bingwa. Watano. Hilo ndilo nililolishika mimi, na hapo ndipo balaa langu lilipoanzia.

Wapinzani wetu ni chuo cha uuguzi, ng'ambo ya bonde. Walikuwa wametushinda miaka kumi na moja mfululizo. Wanakuja wamevaa nyeupe tupu, kocha wao ana cheti cha michezo, saa mbili mkononi na filimbi shingoni, sisi tunamwita Bwana Filimbi, na mashabiki wao kila mwaka wanabeba machela, machela ya kweli, wanaiweka karibu na mstari wa kumalizia na kutuuliza kwa upole kama kuna fundi anayejisikia vibaya, na kwamba presha wanapima bure. Sisi tunawajibu kwamba midomo yao tutaichomelea, lakini mshauri, ukishindwa mara kumi na moja hata utani wako unachoka.

Sasa kwenye timu yangu kuna dada mmoja wa idara ya ushonaji, mama wa watoto wawili, ana miaka thelathini na moja wakati wenzake wana kumi na tisa, ishirini. Mbio hana, ana pumzi tu. Wako sita, na mazoezini yeye ni wa sita, leo wa sita, kesho wa sita. Kwa utani wangu nikambatiza Ofisa Mizigo, maana nilikuwa namwachia mabegi ya wenzake, na kila alipoomba nimrekebishe mikono au hatua nilimwambia dada yangu, wanaohesabiwa ni watano, wewe kimbia taratibu usije ukaumia bure. Miaka miwili hiyo. Alikuwa anacheka, au mimi niliona anacheka.

Asubuhi ya mashindano nikamwambia safari hii asikimbie kabisa, akae na mabegi, kwa sababu nilijua wauguzi wakiona fundi mmoja kabaki nyuma peke yake watapata la kusema mwaka mzima. Yeye alimkabidhi mlinzi wa geti yale mabegi, akabandika namba yake kifuani kwa pini, akaenda kusimama kwenye mstari. Mbio zikaanza, mimi nikakimbilia kilimani na spika ya mkononi, ile ya kutangazia hatari ya moto, na mshauri laiti ungewaona wasichana wangu, fundi umeme wangu alikuwa anakipanda kile kilima kama anakishuka, watano wote wamechanganyikana na zile nguo nyeupe ambazo sasa zilikuwa rangi ya udongo, moyo wangu unadunda kama jenereta. Halafu akaja yeye, wa mwisho kabisa, wa kumi na tatu kati ya kumi na tatu, maana wauguzi walileta saba. Nikashikwa na aibu, nikaweka spika mdomoni na kusema, "Ofisa Mizigo, toka njiani, unatuaibisha, wewe huhesabiki."

Kilima kizima kilisikia. Wauguzi walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Yeye hakugeuza shingo, alinipita karibu kabisa na kusema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeshona, "Kocha, ngoja nimalize kwanza."

Mzunguko wa pili watu wakaanza kukatika pumzi. Yeye hakukatika, alikuwa na mwendo ule ule alioanza nao. Kijitoni akampita muuguzi mmoja, kwenye kilima akampita mwingine, na mita mia za mwisho akamkuta wa tano wao, binti mrefu mwenye miguu ya twiga, akampita hatua mbili kabla ya mstari. Wa kumi. Hayo nimesimuliwa, maana mimi sikumtazama hata kidogo, nilikuwa nimeshashuka mpaka mstari wa kumalizia, nimepiga magoti mchangani najumlisha kwa kijiti. Zetu: wa tatu, wa nne, wa sita, wa saba, wa nane. Ishirini na nane. Zao: wa kwanza, wa pili, wa tano, wa tisa, wa kumi na moja. Ishirini na nane. Nikafuta nikajumlisha upya. Sare.

Mwamuzi, mama mmoja mwenye miwani, akafungua kitabu cha sheria na kusoma bila haraka kwamba pointi zikilingana ataangaliwa mkimbiaji wa sita wa kila timu. Wa sita wao alikuwa wa kumi na mbili. Wetu wa kumi. Na Bwana Filimbi, ambaye ni mtu mkweli nisimwonee, akasema mbele ya wote kwamba kama yule mama asingempita binti yao, binti angekuwa wa kumi, wao wangekuwa na ishirini na saba na kikombe kingevuka bonde kama kawaida. Kwa hiyo sare aliileta yeye, na sare aliivunja yeye. Mshauri, ulilipuka mlio sijausikia katika bandari yoyote. Waashi walilia, mafundi bomba walikumbatiana, wanafunzi wakaikamata ile machela ya wauguzi, wakamlaza mshonaji juu yake na kumzungusha shamba zima, na wauguzi wawili wakashika pembe mbili wakasaidia kubeba, maana nao ni watu wenye roho.

Ndipo akaja mtangazaji wa redio ya chuo kuniuliza siri ya ushindi, nami nikausikia mdomo wangu unasema kwamba ulikuwa mpango wangu, kwamba yule wa sita nilimficha makusudi miaka miwili ili kuwachezea wapinzani akili. Mkuu wa chuo akafurahi sana. Ijumaa ya wiki ijayo kuna hafla, napewa koti lililoandikwa Kocha Mkuu mgongoni, na ukocha unakuwa wangu moja kwa moja.

Jumatatu yule dada alikuja dirishani stoo. Aliweka viatu vya kukimbilia juu ya meza, amevifua, kamba amezikunja ndani, akasema, "Vifaa vimerudi, mzee. Weka sahihi." Miaka miwili alikuwa ananiita kocha. Na baada ya wiki tano tuna mashindano ya vyuo vyote, nimebaki na watano kamili, na ile sheria ya wa sita sasa naijua mpaka usingizini.

Nikamweleza mke wangu, yeye ni msusi. Alianza kwa kucheka, halafu akaacha. Akaniambia, "Kilimani ulimwambia yeye si kitu, redioni ukasema alichofanya ni chako. Sasa wewe, baba watoto, unataka akubakizie nini?" Akaendelea kusuka kichwa cha mteja.

Nikikiri hadharani nitakuwa kichekesho cha vyuo viwili na koti nitaliona kwa mwenzangu. Nikinyamaza nabaki na koti, nampoteza mkimbiaji. Je, haiwezekani nikamwita pembeni, nikampa zawadi nzuri, yakaisha kimya kimya?

Ni mimi, Kocha wa Stoo.

MAJIBU

Kocha wa Stoo, kwanza hongera. Pointi zenu nimezijumlisha kwa kalamu yangu mwenyewe, na nilipofika kwenye ile sare nilipiga meza mpaka mwenzangu wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini. Hongera imeishia hapo. Sasa kaa.

Zawadi ya kimya kimya usahau. Ulimtukana kwa spika, unataka kumwomba radhi kwa kunong'ona? Hiyo ni hesabu ya wapi, katika zile nchi zako kumi na saba?

Kutojua sheria ningekusamehe. Ni uvivu tu, hukufungua kitabu, wengi hatufungui. Lakini mwamuzi alikusomea, ukaelewa, Bwana Filimbi akakufafanulia, ukaelewa zaidi, na dakika chache baadaye ukachukua ushindi wa yule mama ukauvaa wewe. Hapo ulikuwa unajua. Mkeo kakuambia yote kwa pumzi moja, na sijui kwa nini ulipoteza stempu kuniandikia mimi.

Unaogopa kuchekwa. Yeye amechekwa na kilima kizima na bado akamaliza wa kumi. Wewe utachekwa ukiwa umesimama jukwaani na viatu vikavu. Utapona.

Na kuna jambo umeliandika bila kuliona. Mbio bora kuliko zote katika chuo chenu kwa miaka kumi na moja zilipita mbele yako, nawe ulikuwa chini na kijiti. Mlinzi wa geti aliziona. Wauguzi waliziona. Kocha hakuziona.

Fanya hivi. Leo, vipindi vikiisha, nenda mwenyewe kwenye karakana ya ushonaji, usimwite dirishani kwako. Mwite kwa jina alilopewa na wazazi wake. Mwambie ulikosea sheria, ulimwaibisha, ukachukua sifa zake, kisha unyamaze. Usitie utani hata mmoja, najua utakuwasha. Usivitaje viatu. Mwombe akusimulie alivyokimbia kutoka kijitoni mpaka mwisho, na akikubali msikilize kama mtu anayelipwa kusikiliza.

Ijumaa, kabla koti halijagusa mabega yako, yaseme hayo hayo mbele ya wote. Mkuu akilirudisha kabatini, sawa, limerudi. Lakini mimi nimeishi na watu muda mrefu, na kocha anayekubali hadharani kwamba amekosea ni mgumu kumpata kuliko kikombe, kwa hiyo usianze kulia mapema.

Kisha uazime kitabu cha sheria, mkisome na timu nzima, ukikwama kwenye maneno mmoja wa wasichana akusomee. Na ile mikono na hatua alizokuomba miaka miwili, jifunze uje umfundishe. Amewashinda wauguzi watatu kwa pumzi tupu. Fikiria akifundishwa.

Fomu ya mashindano ya vyuo vyote inahitaji majina. Mpelekee ikiwa tupu, pamoja na kalamu, uiache mezani kwake uondoke. Kuandika au kutoandika ni juu yake. Akiandika, hata akichagua mstari wa kwanza kabisa, wewe waandike wengine kuanzia wa pili.