Wimbo wa Mapacha Mbele ya Monsenyeri

Alhamisi, 6 Mei 1954
Mvua asubuhi. Nimetia kiraka juu ya kiraka kwenye koti la kapita, musimamizi wa mugodi. Furaha, mutoto wa marehemu dada yangu, alinishikia nguo, akiimba kwa mwendo wa pedali ya mashini yangu ya kushona. Mchana alikimbilia misheni na watoto wote wa kampi. Kila Alhamisi iko vile: katekisimu kidogo, mupira kidogo, nyimbo nyingi, kikombe cha maziwa ya unga. Wazazi wako kwenye mugodi wa kampuni, misheni inawashika watoto wasizurure. Jambo zuri. Ningelisifu zaidi bila Anselme katekista.

Ni muntu wa Kasongo. Hajui Kihunde, lugha yetu, hata cha kuombea maji. Leo aliwaomba watoto wimbo wa furaha wa kwao, autie maneno ya kumupokea Monsenyeri, askofu wetu. Furaha akaanzisha mumoja. Anselme aliupenda sana.

Ni wimbo wa mapacha.

Ijumaa, 7 Mei
Kwetu mapacha wakizaliwa, wakubwa wanawaimbia wazazi matusi mbele ya nyumba. Ya sehemu za siri, kiungo kwa kiungo. Matusi hayo njo baraka yenyewe. Misheni imekataza. Watoto hawajui maana; kwao ni wimbo wa siku ya kula nyama tu.

Nimekwenda kumwambia Anselme. Alicheka. Mushonaji ashone, alisema. Maneno yake mapya yamekwisha kuubatiza.

Jumapili, 16 Mei
Monsenyeri amefika. Furaha aliimba mbele, vizuri, maneno ya Anselme. Ikafika zamu ya kuitikia. Wamama wa kampi, nyuma, wakaitikia wote. Si maneno ya Anselme, ni matusi yenyewe. Midomo ilikwenda yenyewe. Mama Nyota, mwenye mvi zote zile, alichuchumaa akacheza kama inavyotakiwa. Niliinama kufunga kiatu. Sina kiatu.

Mupe, padri wetu muzungu, anajua Kihunde. Akawa mwekundu kama pilipili. Monsenyeri alipiga makofi.

Jumatatu, 17 Mei
Sicheki tena. Mupe aliuliza nani alileta wimbo. Anselme akasema: Furaha. Basi. Yeye Anselme hakuwepo ulipochaguliwa, inaonekana.

Furaha amefutwa kwenye komunio ya kwanza, itakayokuwa siku ya Kupaa kwa Bwana. Alhamisi pia amekatazwa. Mutoto anayejua katekisimu yote, hata maswali ambayo hakuna anayeuliza. Nilikwenda kwa Mupe. Alisema katekista hasemi uwongo, na mimi ni mujomba, lazima nimutetee.

Furaha hakulia. Aliniuliza kama mama yake huko mbinguni ameambiwa.

Ningemushona Anselme mudomo. Uzi ninao.

Jumatano, 19 Mei
Kanzu nyeupe za komunio zote ziko kwangu. Mashini nyingine iko mbali, kule Sake. Leo sindano imevunjika. Yaani nimeichomoa, nimeilaza ndani ya kopo la tumbaku. Nimepeleka habari misheni kwa masikitiko.

Jumamosi, 22 Mei
Anselme amekuja. Alikataa kiti. Akaangalia vitambaa vyeupe, vimekatwa, vimelala.

"Papa Rubeni, Kupaa iko karibu. Sindano itapona siku gani?"

"Siku utamwambia Mupe nani alichagua ule wimbo."

"Atanifukuza."

"Mutoto amekwisha kufukuzwa."

Alisema ninacheza na sakramenti. Nikamwambia sichezi, niko bila sindano. Alipotoka nilificha kopo la tumbaku chini ya vitambaa. Hasira, na woga kidogo. Akinyamaza, watoto wote watapanda altareni na nguo za shamba, na mama zao watanichukia mimi, si yeye.

Jumatatu, 24 Mei
Anselme amemwambia Mupe kweli. Mupe hakumufukuza. Amemwamuru ajifunze Kihunde, na mwalimu atakuwa Mama Nyota. Mupe anajua kuadhibu.

Furaha amerudishwa. Hakuna aliyemuomba musamaha. Mutoto haombwi, inaonekana.

Sindano imepona. Mupe aliniuliza kama ni muujiza. Nikasema mafuta kidogo tu.

Alhamisi, 27 Mei. Kupaa kwa Bwana
Furaha alikuwa wa mwisho kwenye mustari. Kanzu yake niliimaliza alfajiri, pindo limekwenda upande. Wenzake waliimba. Yeye alifunga mudomo, hata kwenye Kilatini.

Nyumbani aliikunja kanzu, akaketi karibu na mashini kunishikia nguo. Nilikanyaga pedali polepole, mwendo ule anaoupenda. Nikangoja aanze kuimba.

Mashini peke yake. Nimeshona mpaka uzi umeisha.