Pasi ya Shangazi

Kwa dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini kifua kimeacha kukusumbua na masomo ya uuguzi yanaendelea. Sisi tu wazima wa mwili. Mama yako, shangazi yangu, hajakuandikia kwa sababu hataki ujue yaliyompata. Naandika mimi, kwa sababu siwezi kukaa nalo.

Shangazi ndiye aliyeniombea kazi kwenye karakana ya sare nilipomaliza shule, na meza yake ya pasi ndiyo iliyokuwa ikikusomesha. Baada ya mpiga pasi mmoja kupigwa shoti, bosi aliamuru pasi yoyote isichomekwe asubuhi kabla ya kukaguliwa. Akanichagua mimi niwe mkaguzi. Alisema mbele ya wote kwamba asiye na rafiki hana wa kumwonea haya. Fundi umeme alinifundisha kuitazama pasi ikiwa imechomolewa: plagi, nyufa, kisha waya, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nisifungue kitu. Halafu nitamke kwa sauti kama inafaa au haifai.

Unaijua sauti yangu. Wale akina mama wa pasi waliniuliza kama nimeimeza, au nasubiri kuposwa ndipo niseme. Shangazi alicheka pamoja nao, nadhani ili asionekane ananipendelea.

Kila mpiga pasi huja na pasi yake, na asiye na pasi hana meza. Shangazi alikuwa ameuvika waya wake kitambaa cha maua alichokishona mwenyewe, wote walikisifu. Jumatatu nilimwomba akivue. Akaniinamia na kuninong'oneza kwamba nimpitishe tu, Jumamosi atanunua waya mpya, kwani mimi si mwanawe? Nikakivua mwenyewe. Waya ulikuwa umeungwa kwa utepe, na shaba inachungulia.

Nilisema haifai, kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa. Wakapiga makofi. Mmoja alisema kumbe shangazi amefuga nyoka uvunguni. Mwingine akamshauri akanyooshe nguo za watu kwa kuzikalia. Bosi aliukata waya kwa mkasi, akamwonyesha mlango. Shangazi alikikunja kitambaa chake, akakitia mfukoni, akatoka.

Hayo hata mtu baki angekuandikia. Linalonikaba ni hili. Asubuhi hiyohiyo bosi alifungua kabati la ofisini. Ndani mlikuwa na pasi mpya, zimepangwa kwenye maboksi, tangu lini sijui. Akanipa moja, akasema meza ya shangazi sasa ni yangu. Nikaipokea, dada. Nikasema asante.

Jioni nilimweleza shangazi yote, hata habari ya kabati. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama pasi mpya ni nyepesi. Tangu hapo huniamsha yeye mwenyewe alfajiri, na hulinyoosha gauni langu la kazi kwa viganja vyake.

Wasalimie wenzako wa bwenini. Ukimwandikia mama yako, usiitaje barua hii. Ukitaka kunitukana, niandikie mimi, nitasoma yote.

Ni mimi,
mdogo wako.