Goti Limechoka, na Mbinu Mpya Hainikubali

Shangazi Rispa, nakusalimu kutoka Gesima, naomba unisikilize kwa sababu hata wa nyumbani wamechoka kunisikiliza. Mimi huchuma chai, na jioni hucheza judo, na miaka yote nimejulikana kwa jambo moja tu, kumbeba mpinzani kiunoni na kumbwaga, lakini mwaka jana goti liliumia na daktari akanionya kwamba nikiendelea hivyo nitatembea kwa mkongojo, basi kocha Walter akaanza kunifundisha mbinu ya chini, unalala chali, unaubana mkono wa mwenzako katikati ya mapaja na kuunyoosha mpaka apige mkeka kusalimu amri. Tukifanya polepole naiweza, ila pambano likianza mwili unasahau, nachelewa, nalaliwa kifuani, na Jumapili mazoezini pale Nyanchwa, mjini, Adhis, mwenzangu wa mazoezi, alinigandamiza hivyo, wasichana wapya wakacheka, nami kwa hasira nikasimama nikambeba kama zamani, akaanguka kweli, lakini nilitoka nikichechemea. Kocha hakunigombeza. Alisema tu kwamba mashindano ya kaunti yamekaribia na hatanipeleka na mbinu itakayonivunja. Mama yangu anasema mwanamke wa umri wangu aache kugaagaa sakafuni, nami nilikuwa nimekubali, mpaka Adhis akaja kwetu kwa boda boda, akanikuta shambani nikichuma chai, akaniambia, "Ile ya zamani nimeizoea. Hii mpya ndiyo naiogopa, maana siku utakayoipata sitakuwa na pa kutokea." Sijui kama ananionea huruma. Nimechoka kuwa mwanafunzi tena. Niache?

Bonareri

Bonareri binti yangu, pole kwa goti, na pole kwa kile kicheko. Lakini mtu amepanda boda boda kutoka mjini mpaka Gesima, nawe unauliza kama ni huruma? Huruma hutumwa kwa simu. Huyo amekuja kukuambia ukweli.

Nimemuuliza Mokua, aliyefundisha mieleka miaka mingi, naye anasema unaipeleka mbinu pambanoni ikiwa mbichi. Basi kwanza rudi kwa daktari, umweleze ulichofanya Jumapili, usimfiche. Akikuruhusu, anza kila zoezi na mbinu hiyo kabla hujachoka, Adhis akiwa amelegeza mwili. Ikikaa, akaze kidogo. Kisha muanze pambano mkiwa tayari chini. Ukizidiwa, piga mkeka, muanze upya. Na hao wasichana waliocheka, waombe wacheze nawe pia. Kwa mtu asiyekujua utaipata mapema.

Kubeba watu kumekwisha, mama. Hata ukikasirika.

Mama yako mjibu kwa heshima, anaogopa kukuuguza. Kwa Walter nenda mwenyewe, umwambie mwaka huu asikuandikishe. Itauma, na utaendelea kuchoka miezi mingi, sikudanganyi. Mashindano haya yaache yapite. Mtafute Adhis leo, umuulize kama Jumanne atakuwepo mazoezini.