Mbuta wa Dunga na Mpaka Wetu

Mjukuu wangu Awuor,

Huku Dunga kumenyesha na ziwa linanuka samaki. Leo nimeielewa ile blokcheni uliyonieleza, ile rekodi ya kwenye simu. Mama Adhiambo, muuza mbuta, aliandika humo kuwa samaki wake wamevuliwa hapa, kumbe wametoka Bondo.

"Si ufute?" nikamwambia.

Akacheka. "Mzee, nitafuta ngapi? Rekodi hiyo mvuvi anayo, kiwanda kinayo, mnunuzi wa Ulaya anayo. Naongeza sahihisho tu, na kosa linabaki."

Rekodi ya shamba letu ilikuwa daftari moja tu katika ofisi ya ardhi. Ukurasa wetu ulichanwa, nasi tukahamishwa. Lakini jana majirani watatu wazee, kila mmoja peke yake, walinionyesha mpaka uleule.

Njoo nikuonyeshe, uwe wa tano kuujua.

Babu yako akupendaye